SABA SABA SI MOJA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kikuyu, Dodoma



Nimeombwa niseme juu ya tarehe 7 Julai. Aliyeanzisha jambo hili ni kijana mmoja wa hapa hapa Kikuyu. Alinijia nyumbani na karatasi mkononi, ameandika humo mambo makubwa yaliyotokea tarehe hiyo katika miaka mbalimbali: mwaka 1937, mwaka 1954, mwaka 1990, mwaka 2000 na mingine. Akaniuliza, "Mzee, siku hii ina nini?" Nikamjibu kwamba siku haina kitu. Jua lake huchomoza upande wa Ihumwa na kutua upande wa Zuzu kama jua la siku nyingine zote. Kijana hakuridhika. Akasema, "Basi mbona mambo yote haya?" Nikaona swali lake lastahili jibu refu kuliko lile nililompa mlangoni, na ndiyo maana nimesimama mbele yenu.

Kwanza tuondoe uchawi katika hesabu. Mwaka una siku 365, na mambo yaliyoandikwa katika vitabu vya historia ni maelfu kwa maelfu. Ukiyagawa mambo hayo katika siku hizo, kila siku itapata fungu lake, wala hakuna siku itakayolala njaa. Wenye elimu ya hesabu wametuonyesha kwamba wakikutana watu 23 tu chumbani, yaelekea zaidi ya nusu kwamba wawili kati yao walizaliwa tarehe moja. Hapa tumo zaidi ya hamsini. Kabla ya kusimama niliwauliza vijana wa mabenchi ya mbele, nikawapata wawili wa tarehe 11 Machi, ambao si ndugu wala hawakuwa wakijuana. Mliwasikia walivyocheka. Basi tarehe kugongana peke yake si muujiza, wala si ishara ya mbinguni.

Lakini nilipofika kwenye mabenchi ya wazee, hesabu yangu iliharibika. Mzee mmoja aliniambia alizaliwa wakati wa mavuno, na mama yake hakumwambia zaidi ya hayo. Wala si yeye peke yake. Wazee wa Ugogo hawakutunza tarehe, walitunza njaa. Mtu alisema, mimi nilizaliwa kabla ya njaa fulani, ndugu yangu baada ya njaa fulani, na watu wakafahamu. Na njaa iliyopita zote kwa ukali ni ile iliyoitwa Mtunya.

Nataka vijana waisikie habari hii, maana katika karatasi ya yule kijana haikuwamo. Vita kuu ya kwanza ilipofika katika nchi hii ya kati mwaka 1916, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walichukua nafaka na ng'ombe wa watu, wakachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Wakaja Waingereza, nao wakachukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ghala zikabaki tupu. Kisha mvua zikakosekana. Tangu 1917 hata 1920 watu wa Ugogo walikufa kwa maelfu mengi. Wako walioweka watoto wao rehani kwa watu wengine ili wapate chakula. Wako waliohama wasirudi tena. Ukizungumza na mtu mzima wa Mvumi au wa Bahi, neno hilo Mtunya bado lina uzito kinywani mwake, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuiona.

Sasa niambieni, Mtunya ilianza tarehe ngapi? Hakuna ajuaye, kwa kuwa njaa haianzi kwa tarehe. Kwa hiyo haina sikukuu, haina gwaride, haina mtu wa kuweka shada la maua. Msiba uliofagia nyumba za babu zetu hauna siku katika kalenda, lakini siku ambayo Gavana fulani alitia sahihi karatasi fulani inayo. Kalenda, ndugu zangu, hupenda ofisi. Nimelitanguliza jambo hili ili tunapokwenda kuzisifu siku kubwa tusidhani kwamba zote zilizostahili zimo.

Tena kuna tarehe zinazogongana kwa sababu mtu amezigonganisha makusudi. Wengi wenu mnakumbuka tarehe 26 Aprili 2018, Sikukuu ya Muungano ilipofanywa hapa Dodoma na Rais Magufuli akatangaza kwamba Dodoma ni Jiji. Hakuchagua siku hiyo kwa bahati. Alitaka habari ya Jiji ikae juu ya habari ya Muungano wa 1964, isisahaulike. Na tarehe 5 Februari je? Afro-Shirazi Party ilizaliwa Unguja tarehe hiyo mwaka 1957. Azimio la Arusha likatangazwa tarehe hiyo mwaka 1967. TANU na Afro-Shirazi zikaungana tarehe hiyo hiyo mwaka 1977. Huko hakuna muujiza hata kidogo. Huko kuna watu waliokaa na kalenda mezani. Si vibaya. Baba naye hupenda kumfanyia mwanawe karamu siku moja na ya babu yake. Ila tujue kwamba ni kazi ya mikono.

Basi sasa tuje kwenye Saba Saba yenyewe.

Tarehe 7 Julai 1954 ilikuwa Jumatano. Katika mji wa Dar es Salaam, katika nyumba ya chama iliyokuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, ulikuwa unafanywa mkutano wa mwaka wa Tanganyika African Association. Chama hicho kilikuwa kimekwisha kuwa na umri. Kilianza mwaka 1929 kwa jina la African Association, na kazi yake zaidi ilikuwa kuwakutanisha watu, kupeleka malalamiko kwa serikali na kungoja majibu. Majibu mara nyingi hayakuja.

Waliokutana siku ile, wale wanaohesabiwa kuwa waasisi, walikuwa 17. Julius Nyerere alikuwa mwalimu huko Pugu, umri wake miaka 32. Walikuwapo Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa, John Rupia, Patrick Kunambi. Alikuwapo Saadani Abdu Kandoro kutoka jimbo la Ziwa. Alikuwapo Germano Pacha kutoka jimbo la Magharibi. Alikuwapo Japhet Kirilo wa Meru, na huyu yafaa tusimame kwake kidogo. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo alipelekwa mpaka New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kulalamika. Hakurudishiwa ardhi. Alirudi na elimu moja tu, kwamba malalamiko ya kabila moja ni malalamiko madogo. Mtu wa namna hiyo akiingia katika chumba cha mkutano, watu hawawezi tena kuzungumzia chai na dansi.

Walifanya nini siku ile? Waliondoa jina la zamani, wakaweka jina jipya, Tanganyika African National Union, na wakaandika katiba yenye kudai kujitawala. Basi. Hakuna mzinga uliopigwa. Mtu aliyekuwa akiuza samaki Magogoni siku ile hakujua kwamba kumetokea kitu. Hapa Dodoma treni ilipita kama kawaida. Ni baadaye sana siku ile ilipoitwa kubwa.

Nawaomba mlishike jambo hilo, kwa maana ndilo jibu la nusu ya swali la kijana wetu. Ikiwa TANU ingalikufa mwaka 1956, tarehe 7 Julai 1954 ingalikuwa siku ya mkutano mmoja wa watu 17, na leo hakuna ambaye angaliitaja. Siku ile ilipewa ukubwa wake na miaka iliyofuata, na miaka ile ilikuwa miaka ya kuomba kibali.

Vijana wa leo hawajui sana neno kibali lilikuwa na uchungu gani. Tangu mwaka 1953 Gavana Twining alikuwa amekwisha kuwakataza watumishi wa serikali wasiwe wanachama wa vyama vya siasa. Kwa hiyo karani, mwalimu wa serikali, mganga wa hospitali ya serikali, hao wote waliojua kusoma na kuandika, walifungiwa mlango. Chama ilikuwa lazima kiandikishwe. Tawi nalo ilikuwa lazima liandikishwe. Mkutano wa hadhara ilikuwa lazima upewe kibali. Usukumani matawi ya TANU yalinyimwa nafasi kwa miaka, hata ilipofika 1958. Mwaka 1957 Mwalimu mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 akashitakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, juu ya maofisa wawili wa serikali, akatozwa faini ya paundi 150 au aende kifungoni miezi sita. Wanachama wakachanga, faini ikalipwa.

Ndivyo chama kilivyokua: kwa kuomba ruhusa ya kukutana, kunyimwa, na kuomba tena. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Saba Saba ikawa sikukuu ya nchi. Ndipo Jumatano ile ya watu 17 ilipopata mizinga yake.

Mimi nilipokuwa mtoto wa shule, Saba Saba ilikuwa Siku ya Wakulima. Tulipangwa mistari, kila mmoja amebeba mazao ya kwao. Huku kwetu ilikuwa mtama, uwele, karanga, na watoto wa karibu na mashamba ya mizabibu walibeba vichala vya zabibu, ambavyo havikufika uwanjani vyote. Nadhani mnanielewa. Hakuna aliyetuambia habari za New Street. Tulijua kwamba Saba Saba ni siku ya mtama. Kisha katika miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, wakulima wakapewa siku yao nyingine, tarehe 8 Agosti, Nane Nane, ambayo hapa tunaifanyia Nzuguni, na Saba Saba ikabaki kuwa siku ya maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, barabara ya Kilwa. Hapa mjini kwetu limebaki soko na kituo cha magari kwa jina la Sabasaba. Mama anayekwenda Sabasaba kununua nyanya hafikirii Gavana Twining. Chama chenyewe cha TANU kilikwisha tarehe 5 Februari 1977. Siku yake imeishi kuliko chenyewe, lakini imeishi kwa kubadili nguo kila mara.

Sasa tuvuke nje kidogo, kwa maana jina Saba Saba si letu peke yetu. Tarehe 7 Julai 1937 askari wa Japani na wa China walipigana kwenye daraja moja karibu na Beijing, na kutoka hapo ikazuka vita iliyodumu mpaka 1945. Wachina huliita jambo lile kwa tarakimu zake, saba saba. Mchina aliyekuja kujenga reli ya Tazara miaka ya 1970, akiona watu wetu wamevaa nguo nzuri na kucheza ngoma siku ya Saba Saba, huenda moyoni alikuwa na picha nyingine kabisa. London nako wana saba saba yao: tarehe 7 Julai 2005, watu 52 waliuawa kwa mabomu katika treni za chini ya ardhi na katika basi. Nimezitaja hizo mbili kwa haraka. Zilifuata njia zao, wala hazikutazama yetu. Lakini Saba Saba ya tatu ni ya jirani, na hiyo siwezi kuipita mbio.

Sisi hapa tunakaa Kikuyu, na kila mmoja wetu aliyewahi kusafiri amepata kuulizwa, "Ninyi wa Kikuyu, ninyi ni Wakenya?" Tunacheka, tunasema hapana, hii ni Kikuyu ya Dodoma, penye shule ya zamani ya Mazengo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Jina moja, mahali pawili. Na Saba Saba ni hivyo hivyo. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba Saba Saba kwetu ni siku ya maonyesho, atakutazama sana kabla ya kukujibu.

Mwaka 1990 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, tangu mwaka 1982. Uchaguzi wa 1988 ulikuwa umefanywa kwa watu kupanga mlolongo nyuma ya picha ya mgombea, na mara nyingine mlolongo mfupi ndio uliotangazwa kushinda. Tarehe 3 Mei 1990 watu wawili waliopata kuwa mawaziri, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakasimama mbele ya waandishi wa magazeti wakadai vyama vingi virudi. Kisha wakawaita watu kwenye mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai.

Wakaomba kibali. Wakanyimwa.

Tarehe 4 Julai Matiba na Rubia wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushitakiwa, na Raila Odinga naye akawekwa kizuizini siku zile zile. Waliokuwa wameuita mkutano walikuwa ndani, na serikali ikadhani mkutano umekwisha. Jumamosi ile ya tarehe 7 watu wakaenda Kamukunji hivyo hivyo. Polisi wakawatawanya kwa virungu, kwa moshi wa kutoa machozi, na kwa risasi. Ghasia zikaenea katika mitaa ya Nairobi na katika miji mingine kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua 20 walikufa, na zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Matiba aliugua vibaya akiwa kizuizini, akapata kiharusi, na mpaka alipofariki mwaka 2018 hakupata tena afya yake ya zamani.

Haikuchukua muda mrefu. Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichokataza vyama vingine kikafutwa, na Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura ya vyama vingi. Kwa hiyo kwao Saba Saba ni siku ya kwenda barabarani. Hata mwaka 2025, miaka 35 baadaye, vijana wa Kenya walitoka siku hiyo, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi yao ikahesabu waliokufa zaidi ya 30. Siku ile ile, Dar es Salaam, watu wetu walikuwa katika mabanda ya maonyesho wakitazama magodoro na pampu za maji. Siwalaumu. Na mimi nimepata kununua pampu pale, nayo inafanya kazi vizuri.

Ndugu wanachama, hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Tunaposoma habari za 1954 tunajiweka upande wa walionyimwa kibali. Tuna haki. Lakini tunaposoma habari za 1990, tunajiweka upande gani? Mtu hawezi kumsifu Mwalimu kwa kupigwa marufuku mwaka 1957, kisha aseme watu wa Kamukunji walikuwa wahuni kwa sababu hawakuwa na karatasi ya polisi. Karatasi ni ile ile. Mkono ulioitia muhuri tu ndio uliobadilika rangi.

Na sisi wenyewe tusijitie usafi. Mwaka 1962, Uhuru haujatimiza mwaka mmoja, Bunge letu lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kwa katiba. Wako waliokuwa na sababu zao, na baadhi ya sababu zile zilikuwa na uzito. Nchi ilikuwa changa, na Januari 1964 askari walikuwa wameasi. Nimezisikia sababu hizo tangu nikiwa kijana, na nyingine nimewahi kuzisema mimi mwenyewe kwa sauti kubwa. Hata hivyo limo katika daftari letu, kwamba chama kilichozaliwa kwa kuomba kibali, miaka 11 baadaye ndicho kilichokuwa kikitoa kibali, na hakikumpa mwingine.

Tulivyotoka humo pia si habari ya aibu. Mwaka ule ule wa 1990, miezi michache kabla ya Kamukunji, Mwalimu akiwa bado Mwenyekiti wa chama alisema waziwazi kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi. Mwaka 1991 ikaundwa tume chini ya Jaji Francis Nyalali kuwauliza wananchi. Watu kama 77 katika kila 100 walioulizwa walisema wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuwa wale 23 waliobaki nao ni watu, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hakuna Kamukunji iliyohitajika kwetu katika jambo hilo. Kama isingalikuwa hivyo, huenda na sisi Saba Saba yetu leo ingalikuwa na makaburi.

Niende upesi sasa, naona akina mama wana safari ya kurudi nyumbani.

Tarehe 7 Julai 2000 Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika ya Mashariki ulianza kuwa na nguvu. Marais watatu, Mkapa, Moi na Museveni, walikuwa wameutia sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mnakumbuka Jumuiya ya kwanza ilivyovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, ndege na mabehewa yakagawanywa kama mali ya marehemu. Jambo la ajabu kwangu si kwamba Jumuiya ilirudi siku ya Saba Saba. Jambo la ajabu ni kwamba waliotia sahihi walikuwa Rais wa nchi ambayo Saba Saba ni siku ya kuzaliwa chama, na Rais Moi, ambaye kwake Saba Saba ilikuwa siku ya Kamukunji.

Tena Mkataba ule ulipoanza, kifungu chake cha 137 kilisema lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu. Kiendelezwe! Kana kwamba kilikuwa mche wa mbuyu uliopandwa jana. Basi mwaka 2021, mwezi wa Novemba, UNESCO huko Paris ikaamua kwamba tarehe 7 Julai ya kila mwaka iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 ikasherehekewa mara ya kwanza. Ndiyo lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku ya namna hiyo. Sababu ya kuchagua tarehe ile, walisema, ni TANU ya 1954, iliyokitumia Kiswahili kuwa chombo cha kudai Uhuru.

Mimi nafurahi sana kwa uamuzi huo, lakini nina neno dogo. Kiswahili hakikufanywa chombo cha Uhuru katika chumba cha New Street. Kilifanywa chombo katika mikutano ya hadhara, pale Mnazi Mmoja na kwingineko, Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwaita wanawake, na katika safari za Land Rover mbovu zilizokwenda vijijini kuuza kadi. Hapa Ugogo palihitajika mtu wa kusimama kando ya msemaji na kukigeuza Kiswahili kuwa Kigogo, sentensi kwa sentensi, kwa ajili ya bibi zetu. Wakalimani wale majina yao hayamo katika azimio la Paris. Wengine baba zao wamo humu ndani jioni hii.

Kwa hiyo, kijana wangu, karatasi yako ni nzuri, uitunze. Kila jambo uliloliandika, liongezee pembeni maneno mawili: nani aliichagua siku hiyo, na nani hakuandikwa. Ukifika kwenye 1937 utaandika kwamba hakuna aliyechagua. Ukifika 1954 utaandika kwamba ilikuwa siku ya mkutano tu. Ukifika 1990 utaandika Matiba na Rubia, na mbele yake utaacha mistari 20 mitupu kwa wale wa Kamukunji na mitaa ya jirani. Na mwisho wa karatasi, mahali pasipo tarehe, andika Mtunya.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kabla sijakaa. Mkutano ujao utakuwa Jumamosi saa kumi, hapa hapa. Mzee yeyote mwenye kadi ya TANU, yake au ya marehemu baba yake, aje nayo, hata kama imeliwa na mchwa. Mama yeyote aliyesikia habari za Mtunya kwa bibi yake aje atusimulie, kwa Kigogo kama ndicho kinachomjia. Tumepata daftari jipya la kurasa 200, na vijana wawili wa tarehe 11 Machi wamekubali kuandika.